Gemu uliyonunua si yako: trela tunazishangilia wote, msibani haji mtu

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu kimya kimya asije akaniandikia "fupisha" huko chini, hili jambo limenikaa kooni siku nyingi na leo natapika lote.

Habari za magemu ni zilezile kila siku. Trela imetoka, trela imevuja, tarehe imesogezwa, fulani kanyimwa tuzo, mashabiki wa konsoli hii (zile mashine za kuchezea gemu) wanatukanana na wa konsoli ile. GTA VI peke yake imetulisha miaka, trela ya kwanza Desemba 2023, tukaambiwa itatoka 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena Novemba 19, 2026, na kila ikisogezwa watu wanakesha kuchambua mpaka mwezi ulioko angani kwenye trela eti unaficha tarehe. Sawa, na mi nlizitazama hizo trela kwa kurudia rudia, sijifanyi mtakatifu. Ila gemu zinazokufa nani anaziandika? Ikizaliwa tunajaa mpaka mlangoni, ikifa hata wa kubeba jeneza hapatikani.

Nianze na lililonikuta. Nina gemu moja ya diski, jina la kampuni naliacha, nilinunua kihalali na boksi lake, ile plastiki ya juu niliitoa mwenyewe kwa kucha. Nikacheza, nikaichoka, nikaiweka kabatini, miaka ikapita. Juzi nikasema ngoja niirudie. Nikafuta vumbi, nikaiinua kwenye mwanga, haina hata mkwaruzo, nikaisukuma ndani mashine ikaimeza na ule mngurumo wake, ikaanza kujipakia, asilimia kumi, asilimia arobaini, nikaenda kufanya mambo mengine nikarudi nikakuta imefika mia. Nembo ikaja. Muziki ukaja, uleule, mpaka vinyweleo vikanisimama. Nikabonyeza kuanza, kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakazunguka, halafu maandishi meupe: imeshindikana kuunganisha na seva, jaribu tena baadaye. Nikajaribu tena baadaye. Kumbe hakuna baadaye, seva, zile kompyuta za kampuni ambazo gemu inaongea nazo mtandaoni, walishazizima kitambo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ile gemu nilikuwa nacheza peke yangu! Mimi na maroboti, hakuna mtu mwingine humo ndani, sasa seva ilikuwa inafanya nini pale, kunichungulia?

Kwa hiyo diski ninayo, boksi ninalo, risiti nikiitafuta naipata. Gemu sina.

Msidhani ni bahati mbaya yangu tu. Iliyowaamsha watu ni The Crew ya Ubisoft, ile ya magari ya 2014, ramani yake ni Marekani nzima imepunguzwa, unaendesha pwani hadi pwani bila kusubiri chochote kipakie. Desemba 2023 wakaiondoa sokoni, Machi 31, 2024 wakazima seva, na kwa vile ilikuwa inadai intaneti muda wote hata ukiwa mwenyewe jangwani usiku, ikafa yote kwa mpigo. Hapo bado. Aprili wachezaji wakaanza kukuta leseni imefutwa kwenye akaunti zao. Hebu fikiria mtu kakuuzia gari, kaliharibu mwenyewe, halafu anarudi kulivuta kutoka uani kwako asije akatokea fundi akalifufua. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2024, mkubwa wao anayesimamia huduma ya kulipia kwa mwezi alishasema kwamba ili huduma hizo zikue inabidi wachezaji wazoee kutomiliki gemu, kama walivyozoea kwenye CD na DVD. Tulimcheka, tukatengeneza vichekesho, kumbe mwenzetu alikuwa anatusomea ratiba.

Na wala si Ubisoft tu. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tangu Oktoba 2024 wanakuandikia pale pa kulipia kwamba unachopata ni leseni, wiki chache tu baada ya California kusaini sheria yake ya AB 2426 inayotaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja ukweli huo kabla hajatumia neno "nunua". GOG, duka jingine la aina hiyo, wakaona nafasi ya kujitapa ndiyo hii, wakasema faili lao la kusakinisha ukishalipakua hakuna wa kukunyang'anya. Kujitapa kwao mi nimekupenda.

Naleta kwenu. Nani mwingine ana gemu iliyokufa mkononi?

#2

Umeandika kitabu mkuu ila nimemaliza. Sasa swali, kwani wewe unataka kampuni iendeshe seva milele kwa ajili ya watu kumi waliobaki? Mashine zile zinakula umeme, kuna watu wanalipwa kuziangalia, kuna usalama wa data. Biashara si huruma. Ulicheza, ulifurahi, hela yako ilirudi kwa raha uliyopata, basi.

#3

Mimi nina gemu zaidi ya mia tatu nilizonunua kwenye ofa sijafungua hata moja, waje wazibebe tu sitajua.

#4 (mleta uzi)

#3 umeniua mbavu 😂 ila na wewe ni mfiwa, hujapewa taarifa tu.

#2 nakuheshimu ila hapo umejibu kitu ambacho sijasema, na ndicho kinachosemwa kila hili jambo likizuka. Hakuna aliyeomba seva za milele. Ross Scott, yule jamaa wa chaneli ya Accursed Farms aliyeanzisha kampeni ya Stop Killing Games Aprili 2024 baada ya The Crew kuzimwa, kaeleza hili mpaka sauti imemkauka: ukitaka kuzima zima, lakini kabla hujaondoka iache gemu katika hali ambayo mnunuzi anaweza kuicheza bila wewe. Mtu akitaka kusimamisha seva yake chumbani kwake kwa umeme wake, mwachie.

Na inafanyika, hii si ndoto. Knockout City, ile ya kurushiana mipira, studio ni Velan, ndogo tu. Juni 2023 wakazima seva na siku zilezile wakatoa toleo la bure la PC ambalo watu wanajiendeshea seva wenyewe. Wakaaga kistaarabu wakaondoka. Gran Turismo Sport, Januari 2024 seva zinazimwa, Sony wakatoa apdeti iliyofanya sehemu kubwa ichezeke bila mtandao. Marvel's Avengers ilichekwa na dunia nzima, lakini ilipofungwa 2023 nguo zote walizokuwa wanaziuza kwa hela wakawapa wachezaji wote bure na gemu ikabaki inachezeka. Gemu mbovu, mazishi mazuri. Sa niambie hao waliweza vipi?

Hata Ubisoft wenyewe baada ya kelele wakaahidi The Crew 2 itapata njia ya kuchezwa bila mtandao, na 2025 wakaitoa kweli. Ina maana muda wote ilikuwa inawezekana, kilichokosekana ni mtu wa kuwakoromea.

Kwenye ile "ulicheza ulifurahi basi", hapana. Ingekuwa wameandika kwenye boksi "hii utaicheza mpaka tarehe fulani" ningekuelewa kabisa, ningelinganisha bei na muda nikaamua mwenyewe. Tatizo boksi halisemi, anayejua siku ya kifo ni muuzaji peke yake, tena mara nyingi hata yeye hajui, anaangalia mahesabu ya robo mwaka ndo anaamka na wazo.

#5

Naingia kama mtu ninayeandika kodi (code) za programu kazini, si za magemu ila seva nazijua. Mleta uzi unarahisisha sana. Gemu za sasa hivi seva yake si kompyuta moja iliyokaa mahali. Ni vipande kumi, ishirini, kimoja cha kuingia kwenye akaunti, kimoja cha kupanga wachezaji, kimoja cha kuzuia wanaocheza kwa udanganyifu, kimoja cha duka, na vingine ni vya kampuni nyingine kabisa umekodi tu, huna ruhusa ya kumgawia mtu. Ukiniambia leo nikupe seva, hata nikitaka siwezi, nusu yake si yangu. Na video games Europe, kile chama cha makampuni, kilisema hivyohivyo Julai 2025, kwamba seva binafsi si jibu kila mara, mwenye haki anaweza kubeba lawama za maudhui mabaya yatakayopitishwa humo, na sheria kama hiyo ingefanya gemu za mtandaoni kuwa ghali mno kuzitengeneza.

#6 (mleta uzi)

Haya, huu ndio mchango ninaoutaka, huyu kaja na hoja. Nakubali nusu. Kwa gemu ambazo tayari ziko nje, zilizojengwa bila mtu kuwaza kifo, kweli nyingine haziokoleki na kampeni yenyewe haidai kurudi nyuma, inazungumzia zinazokuja. Ukijua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wa safari lazima uache kitu kinachochezeka, hutakodi kipande ambacho huwezi kukiacha, au utasaini mkataba mwingine na mwenye hicho kipande. Siku hizi mnawaza faragha ya mtumiaji tangu mwanzo kwa sababu sheria ilikuja ikawabana, si mliamka wema.

Lile la lawama za maudhui silinunui. Watu wameendesha seva zao za Quake na Counter-Strike tangu miaka ya tisini, hao wenye gemu wapo wanadunda.

#7

Acheni niwape ya kizee. Nyie mnalia na seva, sisi tulilia na betri. Katriji nyingi za zamani, zile kaseti za gemu za kuchomeka kwenye konsoli, ndani kuna betri ya duara ndogo kama kifungo cha shati, ndiyo inayoshikilia kumbukumbu ya pale ulipoishia. Ikiisha unawasha unakuta patupu. Yangu ilikufa nikakuta jina langu halipo, saa mia na kitu zimeyeyuka, nilikaa nikaitazama skrini kama mtu aliyeibiwa. Ila utofauti ni huu sasa. Nikatafuta bisibisi maana skrubu zake zina kichwa cha ajabu, nikafungua, nikaiona betri imelehemiwa kwenye vibati viwili, nikaiondoa taratibu, nikaweka mpya, nikafunga. Ikawaka. Sikumwomba mtu ruhusa. Safari nimeanza upya lakini gemu ni yangu, na hiyo betri ikifa tena najua pa kushika.

#8 (mleta uzi)

Mzee wangu #7 shikamoo, umesema kwa betri nilichoshindwa kusema kwa maneno elfu. Ikiharibika naweza kuitengeneza, au namtafuta anayeweza, basi hiyo ni yangu. Ikiharibika na kuitengeneza ni kosa, hapo nimekodi, hata kama niliandikiwa nimenunua.

#9

Nyie wenye konsoli mnajifanya mnateseka, njooni kwenye simu muone makaburi. Apple 2017 walipoleta iOS 11 wakaacha kabisa programu za biti 32, gemu ambazo waundaji wake hawakuzifanyia apdeti zikawa picha tu kwenye skrini, unagusa inakwambia haioani. Infinity Blade, ile Apple walikuwa wanaipandisha jukwaani kuonyesha ubabe wa iPhone, Epic wenye gemu wakaiondoa dukani Desemba 2018 na ndo ikawa hivyo. Flappy Bird mwenyewe aliyeiunda aliiondoa Februari 2014 ikiwa inaongoza chati. Sisi tumeshazika sana, tumezoea.

#10 (mleta uzi)

Daah, simu nilizisahau kabisa na ndiko kwenye wachezaji wengi kuliko kote. Kuzoea huko ndo mwenyewe nakuogopa. Na zile gemu za Flash za kwenye brauza, Adobe alipoifunga Desemba 31, 2020, kama si watu wa kujitolea wa Flashpoint waliokusanya zaidi ya laki moja za gemu na vikatuni, kizazi kizima cha utundu wa watoto wa shule kingepotea. Hawakulipwa, walikuwa wanapakua tu usiku na mchana kabla mlango haujafungwa.

Watu hudhani makampuni yenyewe yana ghala mahali, kila kitu kimewekwa safi kwenye rafu. Thubutu! Kingdom Hearts ya kwanza, Square Enix walipotaka kuirudisha kwa HD wakakuta data halisi haipo, ikabidi waichimbe kutoka kwenye gemu iliyouzwa na vingine wavijenge upya. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilitoka mbovu vile, ukungu umepungua, sauti zinakatika, kwa sababu Konami wenye gemu hawakuwa na kodi (code) ya mwisho, timu ikapewa ambayo haijakamilika wakaanza kupambana na makosa yaliyokuwa yamesharekebishwa miaka kumi nyuma. Hawa ndio tunawaachia urithi?

Mwaka 2023 Video History Game Foundation, samahani, Video Game History Foundation (vidole vimechoka) walitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Unataka kuicheza kihalali? Tafuta mkononi mwa mtu, au panda gari mpaka kwenye maktaba inayoihifadhi, maana waliomba maktaba ziruhusiwe kuzionyesha watafiti kwa mbali na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya huko ikakataa. Wenye magemu walipinga kwa hofu kwamba watu watacheza kwa kujifurahisha. Nlisoma hilo mara mbili. Wanaogopa watu watafurahi.

#11

Kwa hiyo unatetea wizi? Maana hizi nyuzi zote huishia "ndo maana mi nacheza kwa emuleta", zile programu zinazoiga konsoli.

#12 (mleta uzi)

Hapana, na nilijua utakuja. Yuzu, emuleta ya Switch, konsoli ya Nintendo, walikubali kuwalipa Nintendo dola milioni 2.4 Machi 2024 wakafunga, na pale sikulia sana, konsoli ilikuwa bado iko madukani, gemu mpya zinavuja watu wanazicheza kabla hazijatoka, kampuni ilikuwa inatetea riziki. Lakini duka la mtandaoni la konsoli zao za zamani, 3DS na Wii U, Nintendo walilifunga Machi 27, 2023, na gemu zilizokuwa zinauzwa humo pekee zimeenda na maji. Mtu akitaka kulipia leo hii hela yake haipokelewi na mtu yeyote. Unamwita mwizi, kaiba kwenye duka gani?

Sony walitaka kufanya hivyohivyo kwa maduka ya konsoli zao za PS3 na Vita 2021, wakatangaza Machi, watu wakawaka, Aprili wakarudi nyuma na bosi wao wa wakati huo akakiri hadharani kwamba walikosea. Mnaona? Kelele zinafanya kazi. Shida tunazimalizia kwenye kubishana nani ana fremu nyingi kwa sekunde.

#13

Ila mkuu si kila gemu inastahili hizo heshima. Concord, ile ya Sony ya kupigana risasi, utaihifadhi ya nini? 😅

#14 (mleta uzi)

Hahaha Concord. Ilitoka Agosti 23, 2024, dola 40, kwenye Steam haikuwahi kufikisha hata watu 700 kwa wakati mmoja, Septemba 6 ikazimwa. Wiki mbili! Maziwa ya dukani hukaa kuliko hapo. Tulicheka wiki nzima, mi mwenyewe nlicheka, halafu Oktoba Firewalk, studio iliyoitengeneza, ikafungwa na kicheko kikanikauka, maana wale ni watu waliokuwa wanaamka asubuhi kwenda kuchora vidole vya wahusika mmoja mmoja.

Ila tuwe wa haki, kwenye Concord kila aliyenunua alirudishiwa hela yake yote. Hicho ndicho kitu kinachonichanganya, gemu iliyoanguka kuliko zote ndiyo iliyowatendea wanunuzi haki, na zilizouza mamilioni ndizo zinazokuachia diski ya kuwekea kikombe.

Na ndiyo, ningeihifadhi. Anayejifunza kutengeneza gemu angejifunza mengi kwenye Concord kuliko kwenye gemu kumi zilizoshinda tuzo. Upigaji wake wa risasi ulikuwa safi waliobahatika kuigusa wanasema. Sasa hivi tunaijadili kama hadithi ya jini, kila mtu kasikia kwa mwenzake, mimi nikiwemo.

P.T. ya Konami nayo ilikuwa demo tu, kionjo cha gemu ya kutisha, ya bure, Agosti 2014, korido moja unazunguka unarudi palepale, mlango, kona, saa ukutani, redio inanong'ona. Aprili 2015 wakaiondoa dukani na ukiifuta huipakui tena. Demo ya korido moja! Mpaka leo gemu za kutisha zinaiiga, na watu wanaoogopa kufuta PS4 zao kwa ajili yake wapo. Nani angejua siku ile kwamba korido ndiyo ingekuwa na umri mrefu kuliko gemu iliyokuwa inatangazwa, ambayo haikutoka kabisa? Ndo maana nasema tusijifanye tunajua kipi cha kutupa.

#15

Vipi kuhusu zile kadi za Switch 2? Mi nilidhani nikinunua ya kushika mkononi niko salama.

#16 (mleta uzi)

Hapo nisaidie kuchukia. Switch 2 ilipotoka Juni 2025 gemu kibao za kampuni nyingine zikaja kwenye kadi ambazo ndani hakuna gemu, ni ufunguo. Unachomeka kadi, inakwenda kupakua gemu nzima mtandaoni, na bado kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe imechomekwa. Yaani umebeba usumbufu wa kadi na usumbufu wa kupakua kwa pamoja, vyote viwili kwenye boksi moja. Utetezi wake upo, unaweza kuiuza au kumwazima rafiki, ile ya kidijitali tupu ni ngumu, na kadi zenye nafasi kubwa ni ghali kwa mtengenezaji. Sawa. Lakini Cyberpunk 2077 imewekwa yote kwenye kadi ya GB 64 na inauzwa kama kawaida, kwa hiyo anayetaka anaweza. Siku seva ya kupakulia ikizimwa hizo funguo zitafungua mlango upi?

Soma boksi kabla hujalipa, imeandikwa pale chini kwa mbele. Na kwa diski za konsoli nyingine angalia kama zinadai mtandao hata kwa mchezaji mmoja. Mi siku hizi ndo kitu cha kwanza natazama kabla ya grafiksi.

Huduma za kulipia kwa mwezi sizichukii kama wengi humu, pale angalau unajua umepanga. Ila nyumba ya kupanga kodi hupanda. Game Pass Ultimate ya Xbox Oktoba 2025 ilitoka dola 19.99 ikaenda 29.99 kwa mwezi, nusu nzima juu, na aliyekuwa ameuza diski zake zote akihamia huko alibaki ameshika simu anapiga hesabu.

#17

Mnasahau habari nzuri. City of Heroes, gemu ya mtandaoni ya mashujaa, ilizimwa na NCSoft Novemba 2012, watu wakalia, mwaka 2019 ikavuja kwamba kuna kundi lilikuwa linaiendesha kwa siri kwa miaka. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe kweli kweli, waliofichwa walichukia kuliko siku gemu ilipofungwa 😂 Mwisho wake Januari 2024 NCSoft wakawapa leseni rasmi kundi la Homecoming. Inachezwa leo, bure.

#18 (mleta uzi)

Asante kwa hii, nilikuwa naelekea kubaya. World of Warcraft pia, mashabiki walikuwa na seva yao ya toleo la zamani, Nostalrius, ikafungwa Aprili 2016 kwa barua za mawakili, Blizzard wenye gemu walishawahi kuwaambia watu jukwaani kwamba wanadhani wanalitaka la zamani ila hawalitaki. Agosti 2019 Blizzard haohao wakalitoa rasmi, foleni za kuingia zikawa za masaa. Waliowaita wezi walikuwa wamewafanyia utafiti wa soko bure.

#19

Na ule mswada wa Ulaya uliishia wapi? Nilisaini, rafiki zangu wote nikawatumia, wawili wakanijibu "gemu tu hizo".

#20 (mleta uzi)

Si mswada mkuu, ni ombi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya, Stop Destroying Videogames, la kampeni ileile ya Ross, lilihitaji sahihi milioni 1 ndani ya mwaka mmoja, kuanzia Julai 31, 2024. Kwa miezi mingi lilidoda, mi nlikuwa naenda kulitazama kama mgonjwa, namba haisogei. Juni 2025 Ross akaweka video ya kukata tamaa, akajibu hoja za mtiririshaji (streamer) mmoja mkubwa aliyekuwa amelielezea vibaya, mjadala ukalipuka, ndani ya wiki chache likavuka milioni, Julai 2025. La Uingereza nalo likapita laki moja, bunge lao likalijadili Novemba mwaka huohuo. Sheria bado ni safari, nisikudanganye. Ila ile siku namba imegonga milioni nilikuwa macho naifungua upya kila dakika kama naangalia fainali.

Halafu "gemu tu hizo" waulize kama hela walizolipa zilikuwa "hela tu hizo".

#21

Mkuu nina moja tu. The Crew yenyewe imekufa moja kwa moja?

#22 (mleta uzi)

Hapana! Nilikuwa nimeiweka ya mwisho kusudi. Septemba 2025 kundi la mashabiki walitoa The Crew Unlimited, wametengeneza seva yao kwa kuchunguza jinsi gemu ilivyokuwa inazungumza na ile ya zamani, kwa wenye faili za PC. Kuna video jamaa anatoka New York alfajiri, hana mpinzani, hana misheni, redio imewashwa, anaelekea magharibi tu. Niliitazama yote. Hakuna kinachotokea humo, anaendesha.

#23

Link mkuu

#24

Ndo nimefika, nisaidieni kwa ufupi mada inahusu nini?

#25 (mleta uzi)

#24 kaanze #1 😂 #23 itafute jina hilohilo inakuja ya kwanza. Mimi nimeagiza betri za katriji, mzee #7 nakuja inbox, hizo skrubu zenye kichwa cha ajabu zimenishinda.